Vepu zikifungwa utafanya nini? Ushauri wa fundi wa friji, Malindi (uzi mrefu)

fundi_baridi (Malindi)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wa salamu nyingine habari za jioni.

Wiki mbili hizi kila kibaraza nikikaa hapa Maweni swali ni moja: serikali ikifunga vepu, yaani sigara za kielektroniki, itakuwaje? Wengine washaanza kununua chupa kumi kumi. Jana jamaa kanipigia simu nimtafutie friza ndogo ya mkono wa pili. Nikamuuliza ni ya samaki au ya barafu, akanijibu ni ya juisi ya vepu, yale maji yenye nikotini, anataka akiba ya miaka mitatu. Ndipo nikaona nikae chini niandike. Friza ndiyo kazi inayonilisha, vepu navuta, na kosa la kuweka akiba ndani ya friza nimelifanya nyumbani kwangu. Kabla hujatoa pesa, soma.

Sigara nilianza nina miaka 16, nikavuta miaka 17. Pakiti kwa siku, na msimu ukikaribia, hoteli za Casuarina zinapotaka mashine zote ziwe tayari kabla ya Desemba, ilikuwa pakiti na nusu. Nimeacha miaka mitatu iliyopita kwa msaada wa vepu. Sisemi vepu ni dawa, na asiyevuta kitu naomba asianze. Ninachosema ni kwamba kifua changu nakijua. Nilikuwa sipandi ngazi na mtungi wa gesi begani bila kusimama katikati kukohoa, sasa napanda. Kwa hiyo habari hii kwangu si ya gazetini. Siku nitakayokosa juisi, sigara iko dukani hatua ishirini kutoka mlangoni, na muuzaji atanikatia moja ingawa sheria hairuhusu kuuza mojamoja. Hiyo ndiyo hofu yangu, wala si kingine.

Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007. Wakati ule vepu huku hatukuzijua, ndiyo maana zimekuja kuuzwa pamoja na kava za simu na chaja. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka katika Seneti mswada wa kuirekebisha sheria hiyo, ili sigara za kielektroniki na vile vifuko vya nikotini vya kubana mdomoni viingie chini yake, na ladha nazo zimeguswa. Kudhibiti si kufuta, watu wasichanganye. Waliofuta kabisa ni kama jirani zetu Uganda, kwa sheria yao ya tumbaku ya 2015, na India mwaka 2019. Uingereza wameondoa zile za kuvuta na kutupa tu, tangu tarehe 1 Juni 2025. Australia, kuanzia Julai 2024, ukitaka vepu unakwenda duka la dawa. Kwa hiyo mtu akikwambia "zinafungwa," muulize kwanza zinafungwa vipi. Zikiondolewa ladha, mwenye kifaa cha kujaza atabaki na juisi ya ladha ya tumbaku. Zikiondolewa za kutupa, aliyezoea za kutupa ndiye atakayehangaika. Zikifutwa zote, sote tuko chombo kimoja.

Kuna mlango mwingine wa kufunga ambao wengi hawauoni, nao ni kodi. Tangu Desemba 2024 ushuru wa nikotini ya maji ya sigara za kielektroniki ni shilingi 100 kwa kila mililita, kutoka 70. Piga hesabu: chupa ya mililita 30 ni shilingi 3,000 za ushuru peke yake, bado juisi yenyewe, bado nauli, bado faida ya mwenye duka. Sasa wewe unauziwa chupa hiyo 1,200 pale karibu na stendi. Jiulize ilipitia wapi. Haikupita mlangoni pa kodi, na kisichopita mlangoni hakuna aliyekipima. Ukijaza kabati kwa hizo, hujui umeweka nini.

Sisi wa kaunti ya Kilifi tuna mfano wetu wa karibu. Mei 2024 Mombasa walipiga marufuku muguka, aina ya miraa, gavana wetu na wa Taita Taveta wakafuata siku zile zile. Baadaye Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri. Mimi muguka sitafuni, lakini nilikuwa na vijana wawili wa kazi wanaotafuna na niliyaona kwa macho yangu. Bei ilipanda kabla hata askari hajaonekana barabarani. Mmoja akatoa pesa ya kodi ya chumba akanunua mafurushi, na muguka haukai, siku ya tatu majani yamenyauka, ameyatupa nyuma ya karakana. Kodi ya chumba nilimlipia mimi. Hakuna hata mmoja aliyeacha kutafuna kwa sababu ya tangazo. Na shisha ni vivyo hivyo: ilipigwa marufuku Desemba 2017, halafu Januari 2024 mahakama ya Shanzu ikasema marufuku ile haikufuata utaratibu. Miaka sita imepita hapo. Marufuku inaweza kuja kwa usiku mmoja, ikakaa, ikaondoka, ikarudi. Huwezi kuiwekea saa. Utakachoweza kukitayarisha mapema ni mwili wako.

Ndiyo rai yangu katika uzi huu wote: wakati juisi bado ipo, shusha kiwango cha nikotini. Mwenye kuvuta juisi ya miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita akifungiwa kesho atateseka na atarudi kwenye sigara. Mwenye kuvuta 3 akifungiwa kesho atakasirika siku chache, basi.

Sasa ile ya friza.

Mwaka jana nilisikia uvumi kama huu, nikanunua chupa kumi na nne. Nimesoma mtandaoni kwamba Marekani watu huweka nikotini kwenye friza isiharibike, nami nina friza nyumbani, mke wangu anauzia barafu za ukwaju na za maembe watoto wa mtaa. Nikazipanga chini kabisa, ndani ya mfuko. Siku moja nimerudi kazini saa kumi, nikamkuta mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, amesimama juu ya kreti ya soda. Friza iko wazi, ubaridi unamwagikia magotini, na mkononi ana chupa yangu. Chupa ina picha ya embe. Ina ncha nyembamba kama ya dawa ya macho. Alikuwa amekitia kifuniko kwenye meno ya upande anakizungusha, anakitoa, anakitazama, anakirudisha. Kifuniko kile hakifunguki mpaka ukibonyeze kwa nguvu huku unazungusha, na nguvu hiyo hakuwa nayo. Nilimnyang'anya kwa kishindo mpaka akalia. Akaniambia, "Mjomba, nataka barafu ya embe." Hakukosea, kwake friza ile ni ya barafu na kilichomo chenye picha ya embe ni barafu ya embe.

Usiku ule sikulala. Nikotini ya kumeza ni sumu, na kwa mtoto kiasi kidogo kinatosha kumdhuru.

Na hata ukiacha habari ya mtoto, kifundi nakwambieni friza haikusaidii. Wanaogandisha kule Marekani wanagandisha nikotini nzito ya kuchanganyia, katika chupa ya kioo iliyojaa hadi shingoni, kwenye friza isiyoguswa. Friza ya barafu hapa kwetu inafunguliwa kutwa, stima zinakatika, chupa inapoa na kupata joto tena na tena. Ukiitoa kwenye joto la Malindi inatoka jasho, ukiifungua maji yanaingia. Juisi iliyokwisha kuchanganywa haihitaji hayo. Adui zake ni jua, joto na hewa, ndivyo vinavyoigeuza kutoka rangi ya maji hadi rangi ya chai ya rangi. Kabati la chini, la giza, mbali na jiko, lenye kufuli. Chupa imejaa na imefungwa. Tarehe iliyoandikwa iheshimu. Za miezi miwili au mitatu zinatosha, ziwe daraja la kukuvusha wakati unashusha kiwango. Sisemi zaidi kwa sababu sioni faida ya zaidi.

Nakaribisha maswali, nitajibu kila nikipumzika.

mwana_amu (Lamu)

Waleikum salaam fundi. Umenena kweli. Ila nyinyi wa Malindi mna afadhali, mzigo unashuka kwenye basi mnauchukua. Sisi mpaka ufike Mokowe, upande mashua, uvuke. Kukitokea jambo njiani tunakaa hata wiki mbili kavu. Ndiyo maana sisi akiba ni lazima, hatuwekei uroho.

Nina maswali mawili. Kushusha ulishushaje, maana mimi niko 35 na nimejaribu kushuka nikashindwa siku ya pili. La pili, hapa kuna rafiki yangu anasema ladha zikiondolewa tutatengeneza wenyewe: achukue gliserini ya duka la dawa, atie tone la attari ya waridi au ile arki ya iliki tunayotilia halua. Anasema harufu ni nzuri sana. Unaonaje?

fundi_baridi (Malindi)

Ndugu yangu wa Amu, naanza na la pili kwa sababu ni la hatari. Mwambie rafiki yako asijaribu. Kabisa.

Attari ni mafuta, na baadhi ya arki za jikoni zimo ndani ya mafuta. Tumbo linajua kula mafuta, pafu halijui. Yakivutwa yanakaa mle ndani, pafu linavimba. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa na vifua vimeziba, hadi Februari 2020 waliolazwa walikuwa 2,807 na waliokufa 68. Wengi wao walikuwa wamevuta katriji (vikopo vya vepu) za bangi za mitaani, na kitu kilichoonekana kwenye mapafu yao ni mafuta ya vitamini E ambayo wauzaji walitia ili kuongeza uzito. Vitamini E unapaka usoni, unameza, haina neno. Kuvuta ndiko kulikoua. Bidhaa ikiadimika, vichochoroni ndiko hutokea michanganyo ya namna hii, na mimi naiogopa kuliko marufuku yenyewe. Juisi inayouzwa kihalali ina propilini glaikoli, gliserini ya mboga, nikotini na ladha zinazoyeyuka humo. Mafuta hamna. Kinachonukia vizuri kwenye chetezo kibaki kwenye chetezo.

Sasa kushusha. Ulishindwa siku ya pili kwa sababu siku ya pili na ya tatu ndizo kali, kila mtu humuuma hapo. Ukizivuka, wiki ya pili mwili umeshakubali. Mimi nilianza 50, nikaja 35, 20, 12, na sasa 6. Kila ngazi nilikaa wiki tatu au nne, na ngazi ya 20 kwenda 12 nilikaa zaidi ya miezi miwili kwa sababu kazini mambo yalikuwa magumu, nikaona nisijilazimishe. Usiruke ngazi. Nilichokuwa nafanya ni kununua chupa mbili za ladha moja, moja ya nguvu na moja isiyo na nikotini. Mililita 10 za 20 ukizichanganya na mililita 10 za sifuri unapata mililita 20 za 10. Hesabu ya darasa la tano. Vaa glavu, futa meza, maana nikotini hupita hata kwenye ngozi, na andika kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika.

Tahadhari: ukishusha utajikuta unavuta mara nyingi zaidi bila kujua, mwili unatafuta kilichopungua. Mimi nilipima kwa chupa. Nilikuwa namaliza mililita 3 kwa siku, nikafika 5, nikajua najidanganya. Nikaanza kuacha kifaa ndani ya pikipiki badala ya mfukoni. Kutoka kwenda kukichukua na jua la saa saba, mara nyingine unaghairi.

Na jambo ambalo sijaona watu wakilisema. Sisi tunaofunga Ramadhani tayari tuna mazoezi. Toka alfajiri mpaka magharibi ni saa kama kumi na tatu, huvuti, hufi. Nikotini yenyewe haikai, kwa kama saa mbili nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Tatizo letu ni baada ya kufuturu, mtu akishakunywa uji na tende moja anakaa na vepu mpaka daku kama anayelipiza. Mwaka huu nilifanya hivi: nilisogeza pumzi ya kwanza kutoka magharibi hadi baada ya tarawehe. Nusu ya mwezi ya kwanza nilikuwa na hasira, mke wangu ni shahidi. Nusu ya pili nilishuka 12 hadi 6 na wala sikuhisi. Wewe Amu, na maisha yenu ya msikiti kila hatua, utaweza kuliko mimi.

muuguzi_wa_zamu

Nimesoma yote. Kaka fundi, kisa cha mtoto kimenitoa machozi kwa sababu najua kingeishaje. Naomba niongeze kwa faida ya wazazi. Mtoto akimeza juisi hii anaweza kutapika, kutoka mate na jasho jingi, kubadilika rangi, moyo kwenda mbio, akizidiwa anapata degedege. Usingoje uone. Usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali saa ile ile na chupa uibebe, tujue ni miligramu ngapi. Ikimwagika kwenye ngozi osha kwa maji mengi na sabuni, nguo ivuliwe.

Lakini nisiwafiche, mimi naunga mkono serikali. Nina mtoto wa kidato cha pili. Darasani kwao kuna vepu za umbo la kalamu zenye harufu ya stroberi zinazopitishwa chini ya dawati. Watoto hao hawakuwahi kuvuta sigara. Hawaachi kitu, wanaanza. Nyinyi watu wazima mnapolia kuhusu ladha, nani anawalilia hao?

fundi_baridi (Malindi)

Dada muuguzi, ahsante sana kwa maelezo, na nimeomba msimamizi ayabandike juu ya uzi.

Katika la ladha sina la kukupinga. Picha ya embe kwenye chupa yangu haikuchorwa kwa ajili yangu. Mimi mtu mzima ningenunua chupa nyeupe iliyoandikwa jina na namba tu, na yule mtoto asingeigusa. Wakiondoa picha, wakiondoa ladha za peremende, wakamkomesha anayeuzia wanafunzi karibu na lango la shule, nitakuwa wa kwanza kushukuru. Ninachoomba ni kimoja: wasiifanye vepu iwe ngumu kupata kuliko sigara. Sigara inaungua, na moshi wa kuungua ndio wenye lami na ile gesi ya sumu, kaboni monoksaidi. Mtu kama mimi ukimfungia mlango huu na ule ukauacha wazi, umemrudisha alikotoka.

Na wewe kwa kazi yako tuambie, mtu akitaka kuacha kabisa anapata nini hapa?

muuguzi_wa_zamu

Hapo tumeelewana. Kuna sandarusi (chingamu) za nikotini, za miligramu 2 na 4, na viraka vya kubandika kwenye ngozi. Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini, ambavyo hivyo ni lazima uandikiwe na daktari. Kwenye maduka ya dawa ya miji midogo huwezi kuvikuta kila siku, kwa hiyo ulizia mapema waagize, usingoje siku umekwama. Sandarusi haitafunwi kama Big G. Unaitafuna kidogo mpaka uhisi ukali, unaibana kati ya fizi na shavu, unasubiri, unarudia. Wengi wanaosema haifanyi kazi wameitafuna na kumeza mate, wakapata kwikwi tu. Na asiye na wa kuongea naye apige 1192, ni laini ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ya bure.

Mwenye mimba, na mwenye ugonjwa wa moyo, asijipangie mwenyewe. Aje aonwe.

kijana_barani (Malindi)

Fundi shikamoo. Mimi natumia za kutupa, sina kifaa cha kujaza. Nimenunua ishirini nimeweka kwenye sanduku juu ya kabati, chini ya mabati. Nikisoma hapa naogopa. Pia kuna mbili za zamani zimevimba kidogo, nazo nimeziweka humo humo.

fundi_baridi (Malindi)

Marahaba mdogo wangu. Hilo sanduku literemshe leo, usingoje kesho. Chini ya mabati mchana joto lake unalijua, ukiweka mkono juu ya dari unauondoa. Ndani ya kila kimoja kuna betri ya lithiamu, na lithiamu haipendi joto. Zile mbili zilizovimba zitenge sasa hivi. Usizichome kwa sindano, usizichaji, usizitupe kwenye pipa la taka linalochomwa. Ziweke nje kwenye sufuria kuukuu au ndoo yenye mchanga mkavu, mbali na nyumba na mbali na watoto.

Kwa wenye betri za kutoa na kutia, zile za 18650, nunueni kiboksi cha plastiki. Betri wazi mfukoni pamoja na funguo na sarafu ni moto unaotembea nao. Ya akiba iwe na chaji kama nusu, isiwe imejaa wala imekwisha. Na sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Nikifungua friji iliyokaa nyumba ya ufukoni mwaka mmoja, mabomba ya shaba yameota ukijani kama kuvu. Ukijani huo huo unaota kwenye vile visahani vya kupitishia umeme kwenye kifaa chako. Kinaanza kukataa kuwaka, unadhani kimekufa, unanunua kingine. Futa kwa kitambaa kikavu kila Ijumaa, na msimu wa kusi hewa ikiwa nzito futa mara mbili. Kifaa kimoja kizuri cha kujaza, na koili (vijiwaya vya kupashia juisi moto) za akiba, kitakutunza kuliko ishirini za kutupa. Na cha kujaza ndicho kitakachokuruhusu kushusha. Za kutupa kiwango kimefungwa mle mle, huna la kuchagua.

mzee_wa_mambrui

Vijana wangu, mimi nilivuta sigara miaka arobaini na nikaacha bila chombo chochote, daktari aliponionyesha picha ya kifua changu. Sikusema ili niwacheke. Nilipata tabu, nililala na tasbihi mkononi nikihesabu mpaka usingizi unichukue, kwa sababu mkono ndio uliokuwa ukiitafuta sigara kuliko kifua. Nawaambia hili kwa kuwa naona mnazungumzia miligramu na hamzungumzii mkono. Mtafutieni mkono kazi.

fundi_baridi (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa pale pale. Mimi miligramu nimezishusha hadi 6, lakini nikimaliza kuchomelea bomba mkono unakwenda mfukoni wenyewe kabla sijafikiri. Nitajaribu tasbihi. Nina ya marehemu baba, iko kwenye droo tangu mwaka alipofariki.

mwana_amu (Lamu)

Fundi, nimemsomea rafiki yangu habari ya mafuta. Ameimwaga ile chupa aliyochanganya, baharini kwanza alitaka, nikamkataza, tumeifunga ndani ya kopo la mchanga. Nimeagiza kwa basi la kesho chupa mbili za 20 na mbili za sifuri. Nitaanza na mchanganyiko wa karibu 25 kwanza, nina salio la 35 hapa. Ni sawa?

fundi_baridi (Malindi)

Ni sawa. Sehemu mbili za 20 na sehemu moja ya 35 zitakupa 25. Anza siku ambayo kesho yake huna kazi ngumu, na mwambie mkeo mapema kwamba siku ya pili na ya tatu usigombe naye. Ukifika siku ya nne niandikie hapa.

Kwa wa Malindi: Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa kwangu. Aliye na betri iliyovimba, au kifaa kilichoota ukijani, alete nimwangalilie bila malipo. Wa Barani, wewe njoo wa kwanza na zile mbili zako, uzilete ndani ya mchanga kama nilivyokwambia, wala usipande nazo tuktuk mfukoni. Friza ya kwangu nimeitia kufuli, ufunguo anao mke wangu, na mle ndani sasa ni barafu tu.